Mkeka Hauhesabu Watu

Katika nyumba nyingi za Unguja na Pemba, nyuma ya mlango wa ukumbini, juu ya kabati au uvunguni mwa kitanda, hukosi kuona mkeka uliokunjwa ukafungwa kamba. Si ule wa kila siku ulioanza kupauka. Huu ni wa ukindu uliotiwa rangi ya zambarau na kijani, ukili wake mwembamba, na mishono imezama hata ukipitisha kiganja huihisi. Mgeni akipiga hodi, mwenye nyumba huuvuta, huukung'uta mara moja uani, huutandaza kwa mkono mmoja. Mgeni hajamaliza kuvua viatu, pa kukaa keshapata.

Kitendo hicho kidogo nimekitazama mara nyingi, na kila nikikitazama nazidi kukistahi. Ndani yake mna ufundi ambao wenyewe hawaupi jina la ufundi, kwa sababu hauna karakana wala hauuzwi: ufundi wa kuipanga nyumba hata mgeni akiingia bila taarifa, roho ya mwenye nyumba haiendi juu. Watu husema fulani ni mkarimu, wakadhani wamemaliza. Ukarimu wa moyo ni nusu tu. Nimewaona wakarimu wa kweli wakihangaika, jasho likiwatoka, wakiomba radhi kwa kila kitu kuanzia vumbi hadi chumvi, mpaka mgeni akajuta kuja. Moyo walikuwa nao; nyumba ndiyo haikuwa pamoja nao.

Tuanze na huo mkeka. Kiti kinahesabu watu. Ukiweka meza yenye viti sita, nyumba yako imeshatangaza idadi inayoitaka, na wa saba akitokea lazima mtu asimame au mtoto atumwe kwa jirani kuazima. Mkeka hauna idadi. Wanane wakiwa wamekaa kwa nafasi na wa tisa akaingia, magoti yanasogea, mtu anasema "karibu, pita huku", na mazungumzo yanaendelea pale pale yalipokatikia. Wakija wengi zaidi, linatolewa jamvi la miyaa minene likaunganishwa pembeni. Usiku mkeka huohuo unalaliwa. Asubuhi unakunjwa, na chumba kilicholaza watu watano kinakuwa tena chumba cha kupita.

Sinia lina kanuni hiyohiyo. Wanalizunguka wanne au watano, kila mmoja anakula upande wake, nyama iko katikati. Akifika wa ziada, kinachoongezwa ni maji ya kunawa tu. Mwenyeji aliyelelewa vizuri hula taratibu ili mgeni asione haya kuendelea, na akivunja nyama huisukuma upande wa mgeni bila kusema neno. Hakuna anayejua nani kala kiasi gani. Kwa nyumba yenye chakula cha kutosha lakini kisicho cha kufuja, hiyo ni stara kubwa sana, na mtu aliyebuni jambo hilo, awe nani, alijua maisha ya watu wa kawaida vizuri kuliko waundaji wa meza.

Sifa hii ya pwani si ya jana. Msafiri Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alieleza jinsi vijana wa mji walivyotoka kwa mashua ndogo kuiendea merikebu inayoingia, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa. Humkabidhi mfanyabiashara mmoja na kusema huyu ni mgeni wangu, na mgeni huyo hushukia nyumbani kwa aliyemleta. Yeye mwenyewe, kwa kuwa alikuwa mwanachuoni, alipelekwa kwa mtawala. Alichoandaliwa kwanza hakikuwa chakula. Yaliletwa majani ya tambuu na popoo, kisha akatiwa marashi ya Dameski, kisha akaelekezwa nyumba ya wanafunzi atakamofikia, na baada ya hapo ndipo kikaja chakula: wali wa samli na vitoweo juu yake, ndizi zilizopikwa kwa maziwa, achari ya malimau na ya pilipili, tangawizi mbichi na maembe.

Wasomaji wengi hukaa kwenye hicho chakula. Mimi macho yangu hubaki kwenye ile sahani iliyofunikwa. Ili kijana aifikishe merikebuni ikiwa na chakula cha kuliwa, ilibidi mtu jikoni awe ameshapika kabla nanga haijashuka. Nyumba ilikuwa tayari wakati mgeni bado yuko baharini, jina lake halijulikani. Na utazame mpangilio aliofanyiwa msafiri: kitu cha kutafuna, harufu nzuri, mahali pa kuweka mizigo, kisha chakula. Mtu aliyetoka safarini hana njaa kwanza. Anataka kujua atalala wapi. Wenyeji wale walilijua hilo, na mpaka leo mwenye nyumba mzoefu humwonyesha mgeni chumba na choo kabla hajamkaribisha chakulani.

Waliouingiza ufundi huu ndani ya kuta kabisa ni mafundi wa Lamu. Mji wao wa kale uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, mwaka mmoja baada ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, na nyumba nyingi kubwa zilizosalia humo ni za karne ya 18. Zimejengwa kwa matumbawe na chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Boriti ina urefu wake. Ndiyo maana vyumba vya Lamu ni vyembamba, upana wa mita 2.5 hadi 3 hivi, na ni virefu. Fundi aliyebanwa na mti angeweza kulalamika. Wale wa Lamu walichukua huo wembamba wakaupanga tabaka kwa tabaka kutoka njiani kwenda ndani, na kila tabaka likawa na mtu wake.

Kwanza kuna daka, kibaraza chenye viti vya mawe mbele ya mlango. Mwenye neno fupi humaliza neno lake hapo. Akikaa zaidi, hutolewa kahawa, na waliomo ndani hata hawajui kama kuna mtu. Ukivuka mlango unaingia tekani, na njia inapinda: mlango ukiachwa wazi mchana kutwa, mpita njia ataona ukuta tu. Kisha kiwanda, uwazi ulio chini ya mbingu unaoingiza mwanga na upepo. Chumba cha mgeni, sabule, mara nyingi kiko huku nje karibu na mlango au ng'ambo ya kiwanda, na kina choo chake. Wenye nyumba wanaishi upande wa pili: msana wa tini, kisha msana wa yuu, kisha ndani, kama wenyewe Waamu wanavyoviita, na sakafu inapanda kidogo kila unapoingia chumba kingine. Mguu wenyewe unakwambia kwamba umeanza kuingia kwa watu.

Kwa nini chumba cha mgeni kikapewa uhuru wote huo? Jibu liko kwenye pepo. Kaskazi huleta majahazi kutoka Uarabuni na kusi huyarudisha. Mfanyabiashara aliyeshuka Lamu alikuwa mgeni wa wiki nyingi, pengine wa miezi, mpaka upepo ugeuke. Mgeni wa siku moja unaweza kumpokea kwa kujikaza. Wa miezi miwili hapokelewi kwa kujikaza. Lazima aweze kuamka usiku, akaoga, akatoka kwenda msikitini alfajiri na kurudi, bila kumwamsha mtu na bila kupita mbele ya wanawake waliolala. Sabule ilimpa hayo yote. Ilimpa pia mwenyeji kitu ambacho vitabu vya kupamba nyumba hukisahau: ruhusa ya kumsahau mgeni kwa saa kadhaa na kuendelea na maisha yake.

Ingekuwa dhuluma kuzisifu nyumba hizo bila kumtaja aliyebeba maji. Utulivu wa waungwana wa Lamu, Mombasa na Unguja uliegemea migongo ya watumwa waliotwanga, waliofagia, waliopandisha kuni ghorofani. Sheria ilifuta hali ya utumwa Unguja mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Baada ya hapo kazi ile ilibaki na wale wasio na wa kumtuma. Ufundi ninaousifia hapa, wa mkeka, sinia na mkebe wa jikoni, naona ni wao hasa: wanawake wenye vyumba viwili na mikono miwili, wengi wao wajukuu wa wale waliobeba maji, ambao kazi ya kupokea watu waliijua kutokea jikoni. Waliyapunguza yale ya lazima mpaka yakamtosha mtu mmoja kuyafanya peke yake.

Mama mkubwa wangu, mtu wa Ng'ambo, Unguja, alikuwa miongoni mwao. Kwake hapakuwa na sabule. Palikuwa na ukumbi, vyumba viwili na ua. Lakini palikuwa na kapu la mgeni. Ndani yake shuka mbili zilizofuliwa zikawekwa pamoja na asumini, doti ya kanga, kikoi, msala, sabuni mpya ndani ya karatasi yake, na kandambili. Kapu halikuguswa kwa shida yoyote ya nyumbani, hata shuka zikipungua vipi. Ndugu wa kutoka Wete au Mombasa akitokea magharibi, mama mkubwa hakufungua kabati wala sanduku. Alishusha kapu, akamwambia, "Pumzika, mwanangu, vitu vyako hivi," basi. Chooni ndoo ilikuwa imejaa na kopo liko juu yake. Mji wenye maji ya mgao humfanya mgeni aone aibu kuuliza maji. Yeye aliiondoa aibu hiyo asubuhi, kabla ya kujua kama atakuja mtu.

Niseme hapa kwamba siafiki kabati la vioo. Najua linavyopendwa: limesimama sebuleni, limejaa vikombe vya maua na sahani zenye ukingo wa dhahabu, na ufunguo kauficha mama. Zidaka za Lamu, vile vishubaka vya ukutani, nazo zilipangwa sahani za Kichina, lakini sahani zile zilipamba nyumba, hakuna aliyezisubiri ili ale. Kabati la vioo linafungia chombo kwa ajili ya mgeni tu, na chombo cha mgeni tu kina vumbi. Ndiyo unasikia, mgeni keshakaa, ufunguo unatafutwa, vikombe vinaoshwa haraka haraka, kimoja kinavunjika, na mgeni huku anasema msijisumbue. Chombo kinachotumika kila siku kiko safi kila siku. Afadhali vikombe kumi vya kawaida vilivyofanana kuliko seti ya harusi inayotoka mara mbili kwa mwaka.

Jikoni ndiko ufundi unakonivutia zaidi, maana huko kila kitu ni saa. Mpishi wa pwani anayejua kazi yake hachagui chakula kwa utamu peke yake. Anajiuliza: hiki kinaweza kungoja? Mkate wa kusukuma ni mtamu, lakini unataka kuliwa wa moto, na anayewapikia watu ishirini mkate wa kusukuma kajihukumu kusimama kwenye chuma mpaka wamalize. Pilau inangoja. Ukishaikausha, ukaifunika na kuipalia makaa juu ya mfuniko, inakaa inajiiva taratibu, na mgeni akichelewa kwa foleni au kwa swala haiharibiki. Biriani ya kwetu inangoja vizuri zaidi, kwa kuwa rojo linapikwa mbali na wali mbali. Rojo linaweza kupikwa usiku wa kuamkia leo, na likilala viungo vinaingia nyama sawasawa. Siku yenyewe kazi iliyobaki ni kuchemsha wali na kuutia zafarani.

Hata rojo lenyewe limeshaanzwa siku nyingi nyuma. Katika jiko lililopangwa kuna mkebe wa vitunguu vilivyokaangwa vikakauka hadi kuvunjika mkononi. Kuna thomu na tangawizi zilizosagwa pamoja, siku hizi zimegandishwa vipande vipande kwenye friji. Kuna bizari nzima iliyochambuliwa mawe, iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga, kila kimoja na chupa yake. Sambusa zimefungwa zikagandishwa mbichi. Vileja viko ndani ya bati lenye mfuniko wa kubana, na vileja vinakaa. Kwa hivyo mgeni wa ghafla wa saa kumi alasiri anakuta chai ya viungo chupani, sambusa za moto na kileja, akadhani alitarajiwa. Hakutarajiwa yeye, alitarajiwa mgeni yeyote.

Watoto nao walipangwa. Sisemi kutumikishwa, nasema kupangwa. Mkubwa anajua kuleta birika na beseni, taulo likiwa begani, na anajua kuanzia kulia kwa aliye mkubwa wa umri. Wa pili anafunika mabakuli yaliyobaki kwa kawa. Mdogo kabisa kazi yake ni viatu: kuvigeuza vielekee njiani ili mgeni akitoka avitie miguu bila kuinama. Mama haiti mtu, hapandishi sauti, hatoi macho. Na mtoto aliyefundishwa hivyo hukua akijua kukaa na watu, jambo ambalo shuleni halina somo lake.

Mwisho wa ziara una ufundi wake, na ndio mgumu, kwa sababu mwenyeji hawezi kumwambia mgeni ondoka. Huingia chetezo. Makaa mawili matatu yameshika, juu yake kipande cha udi uliopikwa kwa sukari na marashi, na moshi unapitishwa kwa mmoja mmoja, naye anaufunika kwa mtandio au anauelekeza kifuani. Watu wa Ghuba wana msemo kwamba baada ya udi hakuna kukaa. Waunguja wengi walioishia Oman baada ya mapinduzi ya 1964 waliukuta huko na wakauelewa papo hapo, pamoja na ile adabu ya kahawa ambapo mnywaji hutikisa kikombe kuonyesha imemtosha. Hakuna aliyefukuzwa. Mgeni anatoka ananukia, na atanukia mpaka kwake. Watakaomsalimia njiani watajua kuwa ametoka kupokelewa na watu.

Swali la siku hizi ni nyumba za ghorofa, zile za Kariakoo na Upanga, za Nyali, za Maskati, ambazo mlango mmoja unafunguka moja kwa moja sebuleni na jiko liko hapo hapo, halina hata ukuta. Aliyezichora hakumfikiria mwenye sufuria chafu. Lakini wanaozikalia wameanza kuzirekebisha. Pazia refu likitundikwa kati ya mlango na sebule linafanya kazi ya tekani: mlango unaweza kufunguliwa, salamu ikatolewa, na aliyelala kochini akapata muda wa kuinuka. Pazia la pili hukinga jiko. Viti viwili na stuli kwenye kibaraza cha nje, au hata kwenye korido pana, vinampokea mwenye neno fupi kama daka lilivyompokea. Choo cha wageni kikiwepo, kapu linawekwa humo humo. Na makochi makubwa yanayojaza chumba mpaka mtu apite kwa ubavu, hayo nawashauri watu wayapunguze nusu. Nafasi itakayobaki itatosha mkeka.

Kazi yenyewe, ukiitafakari, hufanywa zaidi wageni wakishaondoka. Mama mkubwa hakulala siku ya wageni kabla hajafanya mambo machache ambayo mimi nikiwa mdogo nilidhani ni wasiwasi wa uzee. Shuka ziliingia kwenye maji usiku ule ule, na kapu likajazwa jipya kutoka kabatini. Makaa ya chetezo yalimwagiwa maji. Mikebe yote ilifunguliwa mmoja mmoja; uliopungua uliwekwa ukingoni mwa meza, ili yeyote atakayekwenda sokoni Darajani asubuhi auone na aujaze, asihitaji kuambiwa. Kama vitunguu vilikwisha, vingine vilikatwa usiku huo huo na kuanikwa juu ya ungo ili vikaangwe kukicha. Binti zake sasa wana nyumba zao, mmoja Mombasa, mmoja Maskati, wenye kazi za ofisini na watoto wa shule, na ukizungumza nao kwenye simu usiku baada ya ugeni, kila mmoja huku anazungumza na wewe, huku unasikia kisu kinakata vitunguu.